Kubadilisha Vishikio vya Madirisha: Chuma, Alumini na Luva

Kishikio cha dirisha kikivunjika, wengi hununua kingine kinachofanana nacho kwa macho, wanakifunga, na baada ya miezi michache kinavunjika tena pale pale. Mara nyingi kosa halikuwa la kishikio. Bawaba zimeganda kwa kutu, dirisha limeinama, au rangi imepakwa juu ya rangi hadi dirisha halitoshi tena kwenye fremu yake. Mtu anavuta kwa nguvu ili lifunge, na nguvu yote inaishia kwenye kipande kimoja kidogo cha chuma. Kwa hiyo dirisha lichunguzwe kwanza, bisibisi baadaye.

Majina tutakayotumia ni haya: ubawa ni sehemu ya dirisha inayofunguka, fremu ni ile iliyojengewa ukutani, ulimi ni ncha ya kishikio inayobana, na kipokezi ni pale ulimi unapokamata. Mkono wa kuzuia ni ile fimbo ya chini yenye matundu, inayoshikilia ubawa usipigwe na upepo.

Uchunguzi kabla ya kununua

Fungua ubawa wote, kisha urudishe polepole kwa kiganja bila kugusa kishikio. Ubawa mzima utulie kwenye fremu pande zote bila kusukumwa kwa bega. Baada ya hapo chukua vipande vinne vya gazeti, weka kimoja kila kona kati ya ubawa na fremu, sukuma dirisha lifunge, na uvute kila kipande. Kona ambayo karatasi inatoka bila upinzani haijabana. Kama ni kona ya upande wa kishikio na tofauti ni ndogo, kishikio kipya kitaivuta mahali pake. Kama kona ya juu inagusa na ya chini imebaki nje kwa milimita tano au zaidi, tatizo liko kwenye bawaba, na hakuna kishikio kitakachodumu hapo.

Bawaba za chuma zilizoganda hutibika kwa subira. Kwangua rangi iliyofunika pini, tia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, kisha sogeza ubawa mbele na nyuma kidogo kidogo. Oili ya injini iliyolainishwa kwa dizeli kidogo hufanya kazi ile ile. Mafuta ya kupikia usiyatumie: yanageuka ulimbo na kukusanya vumbi la murami, na mwezi wa pili bawaba inakuwa ngumu kuliko mwanzo. Pini ikiwa imelika hadi ubawa unacheza juu na chini, hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Aunyanyue ubawa na kubadilisha bawaba kabla hujafikiria kishikio.

Halafu rangi. Kwenye nyumba ambazo zimepakwa rangi kila baada ya miaka michache, kingo zinazokutana hujenga ganda nene. Likwangue kwa patasi pana au kikwangulio. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Lowesha sehemu kabla ya kupiga msasa, vaa barakoa, funika sakafu kwa gazeti, na usiache watoto chumbani.

Angalia pia mkono wa kuzuia. Ukikosekana au ukiwa na pini iliyokatika, upepo unaotangulia mvua utaupiga ubawa ukutani, na kinachofuata ni kioo kupasuka au kishikio kulegea. Kubadilisha kishikio na kuuacha mkono wa kuzuia ukiwa mbovu ni kutupa pesa.

Dirisha likifaulu majaribio hayo yote na bado kishikio hakibani, basi kweli ni kishikio. Hata hivyo, usikitupe mara moja. Kama kinazunguka ovyo tu lakini ulimi wake ni mzima, mara nyingi kilichokufa ni riveti ya katikati. Itoboe itoke, pitisha bolti ya M6 (yaani yenye unene wa milimita 6) yenye washa pande zote mbili na nati ile yenye pete ya plastiki ndani, kaza mpaka kishikio kizunguke kwa uzito kidogo. Nati ya kawaida italegea yenyewe kwa sababu kishikio huizungusha kila siku. Nati yenye pete ya plastiki haifanyi hivyo.

Kimevunjika: ni cha nini?

Tazama pale kilipokatika. Ukiona rangi ya kijivu yenye chembechembe kama sukari, hicho ni cha zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Hakichomelewi. Zinki ya aina hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 400 tu, na moto wa mashine ya kuchomelea ukikigusa kinamwagika. Fundi akikuahidi kukiunga, mwambie asihangaike. Kishikio cha chuma hukunjika kabla ya kukatika na huchomeleka vizuri. Cha shaba ya njano, ambacho bado kipo kwenye nyumba za zamani za serikali na za misheni, hudumu sana. Kikilegea kitengeneze na usikibadilishe kwa kipya cha bei rahisi.

Dukani nenda na sumaku, hata iliyotolewa kwenye spika kuukuu. Kishikio cha chuma kitaing'ang'ania, cha zinki hakitaigusa, hata kama vyote viwili vimepakwa rangi moja inayong'aa. Kwa dirisha la chuma linalofunguliwa kila siku, chagua cha chuma. Zinki inafaa kwenye alumini, kwa kuwa ubawa wake ni mwepesi.

Vipimo vya kubeba dukani

Jambo la kwanza: beba kishikio chenyewe cha zamani, vipande vyote. Majina ya kushoto na kulia yanatofautiana kati ya wauzaji, na ukisema tu "nataka cha kulia" unaweza kurudi na cha kushoto. Kama huwezi kukitoa, piga picha ukiwa umesimama ndani ya chumba dirisha likiwa limefungwa, na nyingine likiwa wazi. Kisha andika:

- Umbali kati ya tundu na tundu la skrubu, kutoka katikati hadi katikati, kwa milimita.
- Kimo cha ulimi: kutoka kwenye uso ambao kishikio kimekaa hadi upande wa ulimi unaogusa kipokezi. Hiki ndicho watu husahau, na ndicho huamua kama dirisha litabana. Kwenye alumini kinaweza kuwa milimita 9, kinaweza kuwa 21, na kwa macho vishikio hivyo viwili vinafanana.
- Urefu wa mpini, na nafasi iliyopo kati yake na nondo za grili.
- Unene wa chuma unaposhika skrubu.
- Kama ulimi una ngazi moja au mbili. Wenye mbili hufunga kabisa kwenye ngazi ya ndani, na kwenye ya nje huacha mwanya mdogo wa hewa.

Nunua skrubu pamoja na kishikio. Zile zinazokuja ndani ya pakiti mara nyingi ni laini na fupi.

Dirisha la chuma

Haya ndiyo madirisha mengi ya Uganda, kuanzia yale yanayotengenezwa Katwe pale Kampala hadi ya fundi wa kando ya barabara Arua, Lira au Mbale. Yanafunguka kwa nje, na grili imechomelewa upande wa ndani. Kishikio huwa kimefungwa kwa njia moja kati ya tatu: skrubu, riveti au kuchomelewa moja kwa moja.

Chagua siku kavu. Chuma kitakachobaki bila rangi usiku mmoja wa mvua kitaamka na kutu. Kampala na maeneo ya kusini, Juni hadi Julai na Desemba hadi Februari ni wakati mzuri. Kaskazini, Desemba hadi Machi hukupa nafasi ndefu zaidi.

Unahitaji: bisibisi imara, nyundo, kitoboleo cha alama, drili yenye biti za milimita 3, 4.2, 5, 5.5 na 6.5, kichonga hesi cha M5 na M6 (chombo cha kuchonga mifereji ya skrubu ndani ya tundu), tupa, msumeno wa chuma, mafuta ya kulegeza kutu, msasa, miwani ya kinga, glavu, kamba ya mita mbili, na kopo dogo la rangi ya msingi ya kuzuia kutu. Kama kishikio kimechomelewa, ongeza gurainda ndogo ya inchi nne na nusu na diski ya kukatia ya milimita 1.

1. Funga ubawa kwa kamba kwenye grili kabla ya kutoa kitu chochote. Ukitoa kishikio bila kufanya hivyo, upepo ndio utakaofungua dirisha. Ghorofani jambo hili halina mjadala, na hakikisha hakuna mtu anayepita chini.

2. Toa kilichopo.

Skrubu zilizoshika kutu: tia mafuta, subiri nusu saa angalau, gonga kichwa cha skrubu kwa bisibisi na nyundo kidogo ili kutu ipasuke, kisha jaribu kwanza *kukaza* kidogo kabla ya kulegeza. Kukaza kidogo huvunja gamba la kutu. Kichwa kikiwa kimelika, kichonge mfereji mpya kwa msumeno wa chuma. Usipashe moto, kioo kiko sentimita chache tu kutoka hapo.

Riveti: piga alama katikati ya kichwa, toboa kwa biti ya milimita 3, kisha kwa biti yenye unene wa riveti yenyewe mpaka kichwa kianguke. Mwili wake utoe kwa kuugonga taratibu kwa msumari uliokatwa ncha, huku mtu mwingine ameushikilia ubawa upande wa pili kwa kipande cha mbao. Kugonga ubawa usioshikiliwa hupasua patti (ule udongo mgumu unaoshikilia kioo), na mvua inayofuata itapita hapo.

Kilichochomelewa: hapa ndipo vioo vingi huharibika. Cheche za gurainda ni chembe za chuma kilichoyeyuka. Zikigusa kioo zinazama ndani yake na kuacha vidoti vya kahawia ambavyo havitoki kwa sabuni wala kwa wembe. Funika kioo chote kwa gunia lililoloweshwa au kipande cha plaiwudi, ondoa mapazia na neti ya kitanda, kisha kata mshono wa kuchomelea na sio fremu. Acha kama milimita moja ya mshono na umalizie kwa tupa. Diski nyembamba isielekezwe upande wala kukandamizwa kwa ubavu, kwani hupasuka. Kabla ya kuifunga, soma pete ya chuma iliyo katikati yake: kuna tarehe ya mwisho wa matumizi, na kasi iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya kasi ya mashine. Diski zilizokaa dukani miaka mingi huuzwa kama mpya.

Umeme usipokuwepo, msumeno wa chuma unatosha. Kazi itakuwa ya polepole, lakini kioo kitakuwa salama zaidi.

3. Safisha mahali pa kishikio hadi chuma kitupu, na uone kilichobaki. Kama kutu imekula hadi bisibisi inazama, usitoboe hapo. Sogeza kishikio kipya juu au chini sentimita tatu au nne, na kipokezi nacho kisogee. Hakuna sheria inayosema kishikio kirudi palepale.

4. Pima mahali papya. Funga ubawa ukae vizuri kwenye fremu, ufunge kwa kamba au mtu aushikilie. Weka kishikio kikiwa kwenye hali ya kufunga, ulimi ukiwa umekamata kipokezi, na uweke alama za matundu. Kisha kizungushe kwa mkono, ukikibana na kidole. Ulimi uanze kubana pale ambapo kishikio kimebakiza kama robo ya mwendo wake. Ukianza kubana mapema, hakitafika mwisho na mtu atakilazimisha. Ukibana mwishoni kabisa, dirisha litagongagonga usiku wa upepo.

5. Toboa na uchonge hesi. Kwa skrubu ya M5, tundu ni milimita 4.2, kwa M6, ni milimita 5. Piga alama kwanza, la sivyo biti itatembea na kukwangua rangi. Kichonga hesi kizungushwe nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na tone la oili. Kikikatikia ndani ya tundu, hakitobolewi kwa biti ya kawaida kwa kuwa ni kigumu kuliko biti yenyewe, hivyo usikilazimishe.

Unene wa chuma ndio unaoamua kama njia hii inafaa. Hesi ya M5 hupanda milimita 0.8 kwa kila mzunguko, kwa hiyo chuma cha milimita 3 kinampa skrubu mizunguko kama mitatu na robo tatu ya kushika, na hiyo inatosha. Chuma cha milimita 1.5 kinampa chini ya miwili, skrubu itang'oka. Kwenye chuma chembamba au bomba la mraba, tumia bolti inayopita upande wa pili, au nati ya riveti (nati inayobanwa ndani ya tundu kama riveti). Bolti ikipita hadi nje, kichwa cha mviringo kisicho na mfereji kiwe nje na nati iwe ndani. Ukifanya kinyume, umempa mwizi kazi ya spana moja.

Tundu la zamani lililolika? Usijaze gundi. Panda saizi moja: toboa kwa biti ya milimita 5, chonga hesi ya M6, na ulipanue tundu la kishikio hadi milimita 6.5.

6. Chunga urefu wa skrubu. Kwenye ubawa wa chuma, kioo kimekaa nyuma kidogo tu ya pale skrubu inapotokea. Skrubu ndefu inayogusa ukingo wa kioo haitakipasua leo. Itakipasua siku jua litakapopasha chuma kikatanuka. Jumlisha unene wa bati la kishikio na unene wa chuma cha ubawa, na skrubu isizidi hapo. Ikizidi, ikate na uilainishe ncha kwa tupa.

7. Paka rangi ya msingi kwenye chuma chote kilichobaki kitupu, ndani ya matundu pia, iache ikauke kama kopo linavyoelekeza, ndipo ufunge kishikio. Rangi ya mafuta ya juu ipakwe mara mbili. Usipake sehemu inayozunguka wala ulimi. Hapo weka grisi kidogo. Vishikio vingi vigumu tunavyokutana navyo havina hitilafu yoyote isipokuwa rangi ya Krismasi iliyopakwa juu ya maungio.

Kuhusu kuchomelea kishikio kipya: inawezekana, na wengi wataendelea kufanya hivyo kwa sababu ni haraka. Sisi tunapendelea skrubu, kwa kuwa siku kishikio kitakapokufa tena utakitoa kwa bisibisi. Ukiamua kuchomelea, rodi ya geji 12 inatosha. Fundi aweke vituo viwili vifupi, aache chuma kipoe kati ya kimoja na kingine, na kioo kibaki chini ya gunia bichi wakati wote. Kishikio kilichopakwa zinki kisuguliwe kwanza pale kitakapochomelewa. Moshi mweupe wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Na katika nchi yenye malaria mtu anaweza kumeza dawa za ugonjwa asiokuwa nao.

Grili na wavu wa mbu

Hili hukutani nalo kwenye maelekezo yanayokuja na kishikio cha ng'ambo, kwa sababu huko mara nyingi hakuna nondo mbele ya dirisha. Hapa mkono unapita katikati ya nondo, unashika kishikio, na unatakiwa ukizungushe bila vidole kugonga chuma. Kabla ya kulipa, kata umbo la kishikio kwenye katoni ya boksi, lichome pini mahali pa skrubu, na ulizungushe. Mpini upite bila kugusa nondo, na nafasi ya vidole ibaki kama sentimita mbili na nusu. Mpini ukigonga, tafuta mfupi zaidi au sogeza kishikio juu au chini penye nafasi pana. Kukata nondo kwa ajili ya kishikio ni kosa. Grili hupoteza nguvu palepale ambapo mwizi angependa ipungue.

Pale nondo zinapobana nafasi ya bisibisi, tumia fupi au yenye pembe. Drili haiingii kati ya nondo nyingi. Hapo unatoboa ukiwa nje, juu ya ngazi, ubawa ukiwa wazi na umefungwa kwa kamba usisogee.

Wavu wa mbu uliopigiliwa ndani ya grili ni tatizo jingine. Watu hukata tundu la kupitisha mkono, na mbu nao hawahitaji mwaliko. Wakati kishikio kinabadilishwa, badilisha pia namna wavu ulivyofungwa: utie kwenye fremu nyepesi ya mbao au alumini yenye bawaba, au ushikilie kwa utepe wa kunatana ili ufunguke upande wa kishikio pekee.

Kipokezi

Kishikio kipya juu ya kipokezi kilicholika hakibani. Pitisha kidole: ukisikia mfereji uliochimbwa na ulimi wa zamani, kuna milimita moja au mbili zimepotea. Kama kipokezi kimefungwa kwa skrubu, weka bati jembamba chini yake kukiinua, au kigeuze kama pande zake zinalingana. Kama ulimi unabana ukingo wa fremu wenyewe, fungia hapo kipande cha bati la shaba ya njano au chuma cha pua, kilicholazwa kwa mteremko ili ulimi upande taratibu. Wako wanaopendelea kukunja ulimi wa kishikio kwa nyundo. Cha chuma kitavumilia mara moja. Cha zinki kitakatika mkononi.

Alumini inayofunguka kwa nje

Kuna aina mbili. Ya kwanza ina ulimi unaoonekana kama ule wa chuma. Ya pili haina ulimi nje. Kishikio kina mhimili wa mraba unaoingia ndani ya ubawa na kuzungusha kifungio kilichofichwa.

Ya pili ndiyo rahisi zaidi. Zungusha kishikio hadi kilale mlalo, au uzungushe kifuniko cha plastiki, skrubu mbili zitaonekana. Zitoe, kivute kwako. Mhimili mara nyingi ni wa milimita 7 kila upande, na matundu ya skrubu yako milimita 43 moja hadi jingine. Pima urefu wa mhimili unaotokeza. Ukipata mrefu zaidi unaukata kwa msumeno. Mfupi hauna dawa. Sasa, kabla ya kufunga kipya, ingiza mhimili peke yake na uzungushe kifungio kwa koleo, ubawa ukiwa wazi. Kikiwa kizito hivyo hivyo, kishikio cha zamani kiliuawa na kifungio, na kipya kitafuata njia hiyo hiyo. Tia mafuta ya silikoni. Kisipolegea, kifungio kibadilishwe.

Kwa aina ya ulimi, zingatia kimo chake na skrubu. Ukuta wa alumini mara nyingi haufiki milimita 2, kwa hiyo skrubu iliyotolewa na kurudishwa mara kadhaa hula tundu. Usiishindilie kijiti cha kiberiti. Weka nati ya riveti ya M5, au panda skrubu saizi moja. Skrubu ziwe za chuma cha pua, na tone la grisi kwenye hesi. Chuma cha kawaida hutoa kutu inayochafua fremu, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu huila alumini. Kando ya Ziwa Victoria hakuna chumvi ya bahari, lakini unyevu wa Entebbe na Jinja unatosha kuianzisha kazi hiyo.

Ubawa ukiwa umeshuka hadi ulimi unapita chini ya kipokezi, tazama mikono ya kutelezea iliyoko juu na chini. Ikiwa imelika, badilisha zote mbili kwa pamoja, zenye urefu ule ule.

Ya kutelezesha, na luva

Kifungio cha mwezi mchanga kwenye dirisha la kutelezesha hushikwa na skrubu mbili. Pima umbali wake na kimo cha ndoano. Kisipofika kwenye mwenzake, chanzo ni magurudumu ya chini: yamelika, au mfereji umejaa mchanga na mizoga ya inzi wa ziwani. Safisha mfereji kwa brashi kavu kabla ya maji. Kisha tafuta skrubu ya kunyanyulia kwenye ukingo wa chini wa ubawa, na uikaze mpaka ndoano zikutane.

Luva za zamani kishikio chake ni mpini unaosukuma fimbo moja inayozungusha vioo vyote. Riveti ya mpini ikifa, weka bolti ndogo na nati yenye pete ya plastiki, usiikaze hadi mpini ugome. Vishikilia vioo vikianza kuvunjika kimoja baada ya kingine, nunua fremu nzima za pande zote mbili zenye idadi ile ile ya vioo. Ondoa vioo kuanzia juu, uvipange chini kwa mfuatano wake, na uvae glavu, maana kingo za luva kuukuu hazikusuguliwa zote.

Kikigoma baada ya kufungwa

Kishikio kinazunguka lakini karatasi bado inatoka: ulimi hauvuti vya kutosha, inua kipokezi kwa bati la nusu milimita kila mara. Kinafunga kwa shida: kimo cha ulimi ni kifupi, ongeza washa chini ya bati la kishikio, idadi sawa kwenye kila skrubu ili kisikae upande. Kilibana vizuri jana na leo asubuhi kimelegea: rangi ilikuwa mbichi chini ya bati na sasa imeminywa; kaza tena. Kinagoma saa za jua kali tu na jioni kinalegea: ubawa unatanuka na kugusa fremu, kwangua rangi ya ukingo unaogusa na upake upya safu moja nyembamba.

Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa au kukata, na kishikio cha zamani kihifadhiwe hata kama kimevunjika.